Honi Tatu Barabara ya Zamani

Hakuna aijuaye barabara kuu ya zamani, inayokata nchi toka pwani hadi mpakani, kama mimi. Haya, niseme kweli: naijua toka sokoni hadi kibandani kwa Bi Sikudhani.

Hapo madereva walikuwa na desturi yao. Kwenye kona, honi mbili ni chai. Honi tatu, chai na chapati. Barabara mpya ilipopita nyuma ya kilima, honi zikakatika. Asubuhi ile Bi Sikudhani alikuwa anatia vyombo kwenye gunia, afunge kibanda kabisa.

Zikalia tatu.

Akateremka Mbaruku, dereva aliyewahi kulishwa hapo bure mafuriko yalipomkwamisha.

“Mwanangu! Umepotea njia?”

“Lori limepinduka kule barabara mpya, mama. Hakupitiki.”

“Alhamdulillahi!” Akajishika mdomo. “Yaani, masikini, poleni.”

Akawasha jiko. Mbaruku alikuwa amemaliza chai simu yake ilipoita, na sauti ya mwenzake ikajaa kibanda: “Uko wapi wewe? Sisi tumeshafika, njia nyeupe!”

Bi Sikudhani akageuza chapati taratibu.

“Na kesho, mwanangu, hilo lori litakuwa bado limelala?”

Mbaruku akainua kikombe kitupu, akanywa.