Mnunuzi Mbishi wa Drachten

"Usinunue nyumba hii, kijana. Ukuta huu unakunywa kama mlevi."

Gerlof akaupiga ukuta kofi. Maaike, tumbo limemtangulia, akarudi nyuma. Mumewe Jorrit akasogeza pua, akanusa.

"Mbona sisikii kitu, mzee?"

"Ngoja mvua za Novemba. Na jirani hapo ana tarumbeta."

Gerlof aliitaka nyumba hii kufa na kupona, na njia aliiona moja tu: hawa vijana wawili waondoke.

Dalali, Annelies, alikuwa anachemka pale mlangoni. "Mzee, kama huipendi si uende zako?"

"Natazama. Kutazama nako siku hizi kuna kodi?"

Jorrit akacheka. Kodi ndiyo iliyowakutanisha. Serikali ilipoukata ule msamaha wa kodi kwa wenye mikopo ya nyumba, malipo ya mwezi yakawaelemea watu, nyumba zikamwagwa sokoni, bei zikaporomoka. Msiba wa wengine, bahati ya Jorrit.

"Mwenye nyumba yuko wapi nimuulize huu unyevu?" Jorrit akauliza.

"Wenyewe si hutoka watu wakija kutazama," Annelies akasema. "Huyu hata sura sijamwona. Benki inayomdai ndiyo imetuletea kesi yake. Tunaongea kwa simu tu."

Gerlof alishapanda darini. Gizani akainama, akaikwepa boriti, akawasha taa.

"Njooni muone! Paa linavuja. Na watu wamefia humu. Mwanamke wa watu, kitanda chake kilikuwa pale dirishani, anatazama mfereji mpaka..."

Maaike akashika tumbo. "Jorrit, mimi hapa silali. Twende."

Moyo wa Gerlof ukaruka kwa furaha.

Lakini Jorrit hakwenda. Akamvuta dalali pembeni. "Ukuta mbovu, paa bovu, na mkosi juu yake. Kata robo ya bei, nachukua sasa hivi."

"Robo! Kaka, mwenyewe atabaki hana nyumba, na deni bado analo. Litamzika."

"Sasa hilo ni langu?" Jorrit akamgeukia mkewe. "Mpenzi, kwa bei hiyo tutapaka rangi, utasahau."

Annelies akashusha pumzi.

"Haya. Benki imesema leo ndiyo mwisho, bei yoyote ichukuliwe. Ngoja nimpigie mwenye nyumba, nimwambie afungashe."

Akabonyeza namba. Simu ikaanza kuita ndani ya koti la Gerlof.