Mwizi wa Nyavuni

Nyiraneza alikuwa amechuchumaa nyuma ya matete, miguu imelowa umande, akimsubiri mwizi. Ng'ambo ya ziwa taa za Bukavu zilikuwa zinazimika moja moja.

Wiki nzima wanachama wa klabu ya ndege ya Cyangugu walikuwa wakifika saa kumi na mbili asubuhi, mizani na pete mkononi, na kukuta nyavu, ambazo hufungwa jioni, zimekunjuliwa na tupu. Manyoya machache tu yalikuwa yamenasa kwenye uzi. Mtu alikuwa akiwatangulia. Hakubaki ndege hata mmoja wa kuvishwa pete mguuni.

Nyiraneza alimjua mtu huyo. Delphin wa Nkungu, mwanamume wa miaka arobaini, zamani alikuwa akitega ndege na kuwauza sokoni Kamembe wakiwa vizimbani. Alipoomba kujiunga, wengine walimkataa. Nyiraneza, aliyeianzisha klabu, ndiye aliyemtetea. Alimfundisha kumshika ndege kwa vidole viwili shingoni bila kumuumiza. Sasa kila alipovikumbuka vidole vile aliacha alichokuwa akifanya. Jana aliinuka mezani mara mbili bila kumaliza chakula.

Alikuwa amemwambia Gaju, katibu wa klabu, kwamba akimkamata tu Delphin atamfukuza mbele ya wote. Gaju akamsihi alale, jambo hilo awaachie wao. Nyiraneza alikasirika. Alihisi wanamficha kitu.

Hata pale kwenye matete hakutulia. Alikaa, akainuka, akasogea hatua mbili, akarudi. Majani ya mahali pale yalikuwa yameshalazwa na mtu. Kumbe mwizi naye hujificha hapahapa, aliwaza.

Delphin akatokea njiani. Hakunyata. Alikwenda moja kwa moja kwenye wavu, akamnasua ndege wa kwanza, akamtia kwenye mfuko wa kitambaa na kuuingiza chini ya shati. Akamtoa wa pili. Wa tatu hakutikisika. Delphin alimfumbata, akampulizia pumzi.

Nyiraneza alitoka mafichoni. Alimwambia yote: kwamba aligombana na watu kwa ajili yake, kwamba alimwamini kama mdogo wake wa kuzaliwa, na kwamba leo ndiyo mwisho.

Delphin hakushtuka. Alimngoja amalize. Kisha akaeleza, kwa maneno yaliyojipanga kama ya mtu aliyekwisha kuyasema, kwamba hakuna anayezikunjua nyavu usiku. Zinabaki wazi tangu jioni, ndege wananasa humo, baridi inawaua. Ndiyo maana anawahi kuwatoa, anawapasha joto, jua likichomoza anawaachia waende zao.

"Nani anaziacha wazi?" Nyiraneza akauliza. "Niambie jina."

Delphin alivua koti lake, akamfunika mabegani.

"Ni weye unabakiaka jioni kuzifunga, Maman. Nilikuambia jana, hapa hapa. Leo ni mara ya ine unanikamata."