Pazia la Kitenge

Mwalimu Ngoda aliwaambia wanafunzi wake wa usanifu wa ndani watengeneze kwa maboksi mfano mdogo wa chumba kinachoonyesha wao ni nani. Mashavu alitengeneza chumba cha kwao, kile kimoja walichokigawa kwa pazia. Mbele aliweka makochi yenye vitambaa vyeupe. Pazia alilikata kwenye pembe ya kitenge cha mama yake, akaliacha wazi ili nyuma yake vionekane mkeka uliochanika, ndoo ya usiku, na nguo za ndani zilizoanikwa kwenye kamba.

Siku ya maonyesho watu walijazana mezani kwake.

"Huyu amejitoa mzima," mwalimu alisema. "Huyu ndiye atakayekuwa wa kwanza."

Mama yake alifika amejitanda kitenge kilekile, pembe moja haipo. Alikitazama kile chumba, kisha akamgeukia binti yake.

"Mashavu, wageni wangu wote huishia kwenye makochi. Hata shoga yangu Mwanaidi hajawahi kuvuka pazia."

"Mama, ni kazi ya shule tu."

"Haya, mwanangu. Na ndoo umeikumbuka."

Akanyoosha kidole, akalivuta lile pazia dogo mpaka likafunga.

"Mama, usiguse!" mwalimu alimkemea. "Likifungwa hapo hakuna kitu, ni makochi tu. Mashavu, fungua, majaji hao wanakuja."

Mama alivuta kitenge hadi usoni, akasimama palepale. Mashavu alilishika pazia kwa vidole viwili. Bado lilinukia mafuta ya nazi ya mama yake.