Kigari cha Wawili

Katika mji ule wa theluji, kigari cha kutelezea kisichoshuka mlimani siku ya mbio hupewa watu wengine. Tunu hakutaka kupokonywa chake. Akakiburuta peke yake hadi kileleni, kigari cha watu wawili alichokiunda marehemu mumewe, akakipakia gunia la mchanga lisaidie uzito. Kisha akakaa nyuma, mahali pake pa siku zote pa kumtajia kona aliyekaa mbele.

Watu wakaangua kicheko.

“Shemeji,” akasema Faki, msimamizi wa mbio, “leo gunia ndilo dereva?”

Tunu akatazama. Kweli, gunia alikuwa ameliweka mbele, penye hatamu.

“Angalau hili halinibishii,” akajibu, naye akacheka kidogo.

Akashuka, akalihamishia nyuma. Kukaa mbele kulimchukua muda. Kibao kile kilichongwa kwa mapaja mapana kuliko yake. Faki akamsukuma.

Kona ya kwanza ikaja mbio.

“Kushoto!” Tunu akapaza sauti, akangoja mgongo wa mbele yake uiname.

Hapakuwa na mgongo. Palikuwa na weupe mtupu, unamjia, na hatamu baridi mikononi mwake.