Jina la Kumi na Saba

Nilipofika jina la kumi na saba, kidole kilikwama.

Orodha ya marehemu wa kuombewa niliiandika mwenyewe jana, kwa mkono huu huu unaoshona sare za shule. Sasa jina la kitinda mimba wetu lilikuwa limekatwa kwa wino mweusi, mara mbili, mpaka karatasi imetoboka.

Nikainua macho. Kaka mkubwa, mwenyekiti wa parokia, alikaa benchi la mbele, kalamu mfukoni mwa shati. Akanitikisia kichwa taratibu.

Nyumbani alishanionya. "Aliyejitoa uhai hasomwi kanisani. Usituvue nguo mbele za watu."

"Kwani funguo za mbinguni unazo wewe, kaka?" nilimjibu.

Kando yake Mama aliinamia rozari yake. Tangu tuzike, miezi minane, jina lile halijatoka kinywani mwake, na sala za watu haitikii.

Kanisa zima lilingoja. Mtu akakohoa.

Nikaweka kidole juu ya lile tundu, nikalisoma jina lake lote, la ubatizo na la nyumbani, bila kuharakisha.

Hakuna aliyeitikia. Kaka akainuka, uso umemwiva, akapiga hatua kuja kwangu.

Mama akamdaka shati kwa nyuma, akamvuta mpaka akaketi.

"Apumzike kwa amani," Mama akaitikia, peke yake. Kisha akanitazama.

"Lirudie, mwanangu. Wa nyuma hawajasikia."