Fainali Ng'ambo ya Mto

Bao la pili lilipoingia, wauguzi walimrukia mfungaji wao wakamwangusha chini kwa furaha. Kamanda peke yake aliduwaa, macho kwenye paa la shule iliyo kando ya kiwanja.

Bendera iliyopepea pale haikuwa ya nchi yake.

Kamanda alikuwa kocha wa timu ya wauguzi wa hospitali ya wilaya. Jina hilo alilipata wodini, kwa sauti yake. Asubuhi ndiye aliyemwamuru dereva aache lami, wakate njia ya vumbi. "Kibao si hicho? Jina si hilohilo?" alifoka. Dereva akakata kona, wakavuka daraja dogo lisilo na hata mlinzi. Walipofika, wapinzani wenye jezi za njano walikuwa wakipasha misuli, refa naye yupo. Fainali ikaanza.

Sasa alimsogelea mama mmoja aliyekuja na kigoda chake kutazama mpira.

"Shikamoo, mama. Hapa ni wapi?"

Mama akautaja mji, jina lilelile.

"Wa nchi gani?"

"Aa! Ipo miwili, mwanangu. Bibi zetu waliipa jina moja kwa lugha yetu, maana yake maji yanapokutana. Mpaka ukaja baadaye, ukapita mtoni. Huu ni wa huku. Wa kwenu uko ng'ambo."

Kule ng'ambo, wapinzani wao bila shaka walikwisha kupewa ushindi wa mezani. Na hawa maskini wa njano walikuwa wakisubiri timu nyingine kabisa!

Asimamishe mchezo? Timu yake haijawahi kunusa fainali kabla ya hii. Golikipa wao, mkunga aliyezoea kudaka vinavyoteleza, leo hakuna kilichompita ila kimoja. Kamanda akaimeza siri yake, kisha akapaza sauti kuliko wote: "Kazeni, wanangu! Kazeni!"

Filimbi ya mwisho ikalia, mbili kwa moja. Wauguzi wakambeba Kamanda, wakawa wanamrusha juu na kumdaka, naye anacheka huku machozi yakimtiririka, hajui ni ya furaha au ya aibu. Roho ikamsuta. Akaomba ashushwe, akamfuata kocha wa njano, mwanamke wa miraba minne aliyevaa kofia ya jua.

"Dada yangu, nisamehe. Tumekosea mji, na nchi tumekosea. Tulitakiwa tucheze na timu ya ng'ambo kule."

Yule kocha akamkodolea macho. Kisha akacheka, akacheka mpaka akakaa kwenye nyasi.

"Timu ya ng'ambo ndiyo sisi! Kiwanja chetu kimejaa maji tangu juzi, tukaazima hiki cha binamu zetu. Simu yako tumeipigia mpaka vidole vikatuuma, haipatikani. Hebu niambie, mwenzangu, nani aliwaelekeza huku?"