Treni Haisimami Vangoli

Siku hizi reli ya pwani ya Konkan hujichagulia vituo vyake. Mkesha wa Ganpati, sikukuu inayowarudisha watu makwao, kituo ambacho hakuna abiria hata mmoja aliyeshuka hufutwa, na treni haisimami hapo tena.

Mwaka huu Sulbha alibaki Mumbai. Mvua ilikuwa kubwa, mtoto alikuwa na kikohozi, na mumewe alisema sanamu ya mungu wataiweka sebuleni kama majirani. Tena kaka yake, Damodar, si angeenda Vangoli kwa mama yao? Kumbe Damodar naye alibaki Pune, maana dada yake hajawahi kukosa.

Asubuhi ya sikukuu mama yao alipiga simu.

"Nimesikia treni ikitoka handakini," alisema. "Haikupunguza mwendo."

Sulbha alifungua ramani ya reli kwenye simu yake. Mstari ulitoka handakini, ukavuka mto, ukanyoosha hadi kituo kinachofuata. Vangoli haikuwepo. Na barabara ya kule ilishamezwa na bahari zamani.

"Mama, tunakuja kukuchukua."

"Mtapita wapi, mwanangu?"

Sulbha aliisogeza ramani huku na huku kwa kidole. Huko upande wa pili alisikia kifuniko cha sufuria kikirudishwa mahali pake. Mama alikuwa ameshapika modak, vitafunio vitamu vya nazi vya sikukuu, vya watu wote.

"Nyie pandeni treni tu," mama alisema. "Kaeni upande wa bahari. Mkitoka handakini, mnyanyueni mtoto dirishani. Nitakuwa nimesimama jukwaani."